Msimu wako wa kwanza wa basketi chuo Marekani, mwezi kwa mwezi

Kila mwaka ikikaribia katikati ya mwaka napata ujumbe kutoka kwa vijana waliopata nafasi ya kusoma na kucheza basketi Marekani. Wengi ni wa Dar es Salaam na Arusha, wapo wa Nairobi na Mombasa, na siku hizi hata wa Lubumbashi na Goma. Wanauliza raba zipi wanunue, kocha anapenda mchezaji wa aina gani, watapata dakika ngapi. Kuhusu Januari hawaulizi, na Januari ndiyo inayowavunja wengi. Nimecheza huko, kisha nikakaa kwenye benchi la makocha kama msaidizi, na nilichokiona pande zote mbili ni hiki: mgeni anayejua msimu unavyokwenda anavumilia, na anayejua mpira peke yake anaishiwa nguvu kabla ya Machi. Kwa hiyo wadogo zangu, nawaandikia kuhusu msimu.

Msimu hauanzi na mechi ya kwanza mwanzoni mwa Novemba. Unaanza kiangazi, Juni na Julai, wanafunzi wengine wakiwa likizo. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinawaruhusu makocha kufanya kazi na wachezaji kwa wiki nane za kiangazi, saa chache tu kwa wiki, na wenzako wengi watakuwa wako chuoni wakinyanyua vyuma. Viza ikitoka mapema, nenda mapema. Usisubiri Agosti kwa sababu ya harusi ya binamu au bonanza la mtaani. Anayefika Agosti anakuta wenzake wamezoeana, wanajua majina ya mifumo ya kocha, na miili yao imeanza kubadilika. Sisi wa kwetu tunafika na urefu na pumzi. Miguu, nyonga na mgongo vinakuwa bado, na hivyo havipatikani kwa kula vizuri wiki mbili.

Mfano ulio karibu nasi ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akapitia sekondari Houston, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, mwaka 2006. Watu wanakumbuka 2009, alipochaguliwa wa pili kwenye uteuzi wa NBA. Msimu wake wa kwanza wanaukumbuka wachache: UConn walishinda mechi 17, wakapoteza 14, na hawakualikwa kwenye mashindano yoyote ya mwisho wa msimu. Msimu wa pili walifika mashindano ya taifa wakatolewa mechi ya kwanza na San Diego, 70-69, baada ya muda wa ziada. Wa tatu, ule wa 2008-09, walishinda 31, wakapoteza 5, wakafika nne bora. Kocha alikuwa yule yule, Jim Calhoun. Kwa hiyo mwaka wako wa kwanza ukiwa mgumu, usimpigie mama simu kumwambia umefeli maisha.

Mimi nawaambia wageni wautafute msimu huo wa 2008-09 na kuusoma. Zile 31 walizoshinda zinapendeza, lakini somo liko kwenye tano walizopoteza. Nitazirudia hizo tano kila mwezi wake ukifika.

Septemba mwishoni mazoezi rasmi yanaanza. Hapo ndipo utakapokutana na saa 20: kanuni inasema timu isizidishe saa 20 kwa wiki wala saa 4 kwa siku, na lazima upewe siku moja ya kupumzika. Ukiona hesabu hiyo unaweza kudhani ni nyepesi. Safari haihesabiwi, matibabu hayahesabiwi, kujisomea na mwalimu wa ziada hakuhesabiwi, na mechi nzima inahesabiwa saa 3 hata kama siku yako yote imeishia humo. Panga wiki yako ukijua hivyo.

Kuna tofauti za sheria ambazo zitakugharimu usipozijua mapema. Umezoea robo nne za dakika 10 za FIBA, shirikisho la basketi la dunia. Wanaume wa chuo Marekani wanacheza vipindi viwili vya dakika 20. Saa ya kurusha, yaani muda timu inaopewa kurusha mpira kikapuni, ni sekunde 30, si 24, kwa hiyo utakaa kwenye ulinzi muda mrefu kuliko ulivyozoea, na sekunde sita za ziada ndizo zinazofungua mlango mgeni akilegea. Faulo tano unatoka, hilo ni lile lile. Wewe senta, mrefu unayecheza karibu na kikapu, sikiliza hili: kwetu mpira ukishagonga ringi unaruhusiwa kuupiga ukiwa bado juu yake. Kule ukiugusa ukiwa bado ndani ya eneo la juu ya ringi ni kosa, na ukiwa unalinda wapinzani wanahesabiwa kikapu. Nimeona vijana warefu wakipewa kosa hilo wiki ya kwanza na kumtazama refa kama wameonewa. Hawakuonewa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote kwa mtu aliyelelewa kwetu, nalo ni sauti.

Ulinzi wa chuo unaendeshwa kwa kusema. Mpinzani akienda kumwekea mwenzako skrini, yaani kusimama njiani mwake ili kumzuia, wewe uliye nyuma ndiye unayeiona. Yeye haioni, mgongo wake uko huko. Unatakiwa upige kelele mapema: skrini kushoto, badilishana, baki, nakusaidia. Kila mara, kila mpira, mazoezini na kwenye mechi. Senta ndiye anayeongea kuliko wote kwa sababu uwanja mzima uko mbele yake. Sasa mchukue kijana aliyefundishwa tangu utotoni kutomwamuru aliyemzidi umri, mwambie amfokee mchezaji wa mwaka wa nne mwenye miaka 23 na ndevu. Ananyamaza. Anaonyesha kwa mkono. Au anasema kwa sauti ya mtu aliye msibani. Yule wa mwaka wa nne anagongana na skrini, anaanguka, kocha anapiga filimbi na kuuliza nani alikuwa nyuma. Ikitokea hivyo mara kadhaa utakaa benchi, na wala hutakuwa umekaa kwa sababu hujui mpira.

Heshima haivunjiki hapo. Yule kaka mkubwa anataka umfokee. Ukinyamaza ndipo unapomkosea. Anza siku ya kwanza, hata kama Kiingereza chako kinakwama, kwa sababu maneno yenyewe hayazidi kumi na yote ni mafupi. Yaandike kwenye daftari ukiwa chumbani, yaseme kwa sauti ukioga, mpaka yatoke yenyewe.

La pili ni macho. Kocha akikukaripia, kwetu unainamisha kichwa, unatazama chini, na mzee anaelewa kwamba umepokea. Kule kichwa kikiinama anasoma kwamba umekata tamaa au humsikilizi, na atapandisha sauti zaidi. Mtazame usoni, itikia kwa kichwa, sema umeelewa. Kama hujaelewa sema hujaelewa, hapo hapo, kisha umfuate kocha msaidizi baadaye akuchoree. Makocha wengi niliofanya nao kazi hawakuwa watu wakali; walikuwa wanamsoma kijana kwa alama walizozoea.

Novemba na Desemba ni miezi ya mechi za kualikana. Chuo kikubwa kinamlipa chuo kidogo fedha nzuri kije kucheza kwake, mara nyingi ili kikubwa kishinde, na kile kidogo kinaendesha sehemu ya bajeti yake kwa fedha hizo. Ukiwa chuo kidogo utasafiri sana na utapigwa na watu uliokuwa unawatazama kwenye simu. Ukiwa kikubwa utashinda kwa pointi 30 na utapata dakika zako za kwanza mechi ikiwa imeshaisha. Usizidharau dakika hizo. Kocha akizitazama upya kwenye video haangalii ulifunga ngapi. Anaangalia kama ulirudi kulinda, kama ulimzuia mtu wako kwa mgongo mpira uliporushwa, kama uliongea.

Dakika zako nyingi za mwaka wa kwanza zitakuwa mazoezini, kwenye kikosi kinachoiga wapinzani. Kocha msaidizi anakupa karatasi: wewe leo ni fulani wa timu tunayokutana nayo Jumamosi, anapenda kugeukia kulia, anarusha akiwa kona. Unamuiga mbele ya wanaoanza. Wageni wengi wanaichukulia kama adhabu. Mimi nasema hapo ndipo mahali pako pa kupandia ngazi, kwa sababu kwa wiki moja unajifunza mfumo wa timu nyingine kutoka ndani, na unapambana na wachezaji bora wa chuo chako kila siku. Tulikuwa tukifika hotelini usiku wa kuamkia mechi, ukumbi wa mikutano unaondolewa viti, msaidizi anabandika mkanda kwenye zulia kuchora eneo la chini ya kikapu, na wachezaji wanapita mifumo ya wapinzani kwa kutembea, wakiwa na soksi na ndala, bila mpira. Kocha mkuu anauliza ghafla: hapa senta wao anakwenda wapi? Mara nyingi aliyejibu ni yule aliyekuwa akimuiga wiki nzima. Kocha analisikia hilo na analiweka akilini.

Mwishoni mwa Desemba inaanza ligi ya konferensi, yaani kundi la vyuo mlilomo, mnaokutana kila mwaka. Hali inabadilika usiku mmoja. Wapinzani wa konferensi wamekusoma, wana video zako zote, wanajua mkono wako dhaifu. Tarehe 29 Desemba 2008, UConn ambao hawakuwa wamepoteza hata mechi moja waliwakaribisha Georgetown na wakafungwa 74-63. Georgetown ya kocha John Thompson III ilikuwa na mfumo wa kumtoa senta wako nje, mbali na kikapu, kisha kukatiza nyuma yake. Mlinzi wa kikapu aliyevutwa nje hana cha kulinda. Ukiwa mrefu, tumia kiangazi kujifunza kukimbiza miguu mbali na kikapu, maana konferensi itakutoa huko utake usitake.

Halafu inakuja Januari. Bweni limefungwa au liko tupu kwa sababu wenzako wamekwenda kwao Krismasi na wewe umebaki na timu. Jua linazama saa kumi na moja jioni, mahali pengine mapema zaidi. Kuna theluji, na theluji inapendeza siku mbili za mwanzo. Unacheza mara mbili kwa wiki, nusu ugenini, unarudi chuoni usiku wa manane na asubuhi una kipindi. Rotesheni ya kocha, yaani wachezaji anaowazungusha kwenye mechi, imeshafungwa kwa watu wanane au tisa, na wewe hujui kama umo. Nyumbani wanaona picha zako ukiwa na jezi na wanadhani una kila kitu. Hapa ndipo vijana wanaanza kuchelewa mazoezi, kulala mchana, kutojibu simu.

Ushauri wangu kwa mwezi huu ni mdogo na wa vitendo. Pata mtu mmoja nje ya timu: familia ya Kitanzania au Kikenya mjini, kanisa, msikiti, chama cha wanafunzi wa Afrika. Panga siku ya kupiga simu nyumbani na uishike. Mechi ikiisha saa 4 usiku pwani ya mashariki, Dar es Salaam ni saa 12 asubuhi na mama ameshaamka. Nenda kwa kocha msaidizi anayeshughulika na nafasi yako, umuulize kitu kimoja tu cha kuboresha wiki hii. Usimuulize kwa nini huchezi. Swali la kwanza linakupa kazi, la pili linampa kocha kazi ya kujitetea. Na chuo kina washauri wa saikolojia, bure na kwa siri. Kwetu tunaona aibu kwenda. Wachezaji wakubwa kwenye timu yako wanakwenda, hawakuambii tu.

Kwa ndugu zangu Waislamu: kwa miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye Februari na Machi, yaani kilele cha msimu. Ile ya 2026 ilianza katikati ya Februari, na kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11. Mwambie daktari wa timu na mtaalamu wa lishe mwezi mzima kabla, si siku mwezi ukiandama. Watakupangia daku hotelini, watakupangia maji ya kunywa kati ya futari na kulala, watahamisha mazoezi yako ya vyuma yawe baada ya kufuturu. Nimeona hili likifanyika vizuri kabisa pale kijana aliposema mapema. Hakeem Olajuwon alifunga Februari 1995 akiwa Houston Rockets na akatangazwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA, na mfano huo kocha wako anaujua, utumie.

Februari ni mwezi wa miili kugongana. Tarehe 16 Februari 2009 UConn walikuwa namba moja nchini na Pittsburgh walikuja Hartford. Thabeet ana futi 7 na inchi 3. DeJuan Blair wa Pittsburgh ana futi 6 na inchi 7, lakini mpana na mzito chini. Mapema kwenye mechi waligombea mpira, mikono ikanasana, na Blair akamgeuza Thabeet juu ya bega lake mpaka sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtu kukosa kikapu, Pittsburgh wakashinda 76-68, na Machi 7 wakashinda tena kwao, 70-60. Tafuta video ya ule mgongano wa kwanza uitazame polepole, utazame miguu tu. Mmoja amekaa chini, magoti yamekunjwa, makalio yamesukumwa nyuma, nyayo zote zimeshika sakafu. Mwingine amesimama wima. Kila mgeni mrefu niliyemfundisha nilimwonyesha hiyo, kwa sababu sisi warefu wa kwetu tumezoea kushinda kwa kunyoosha mkono. Mwisho wa msimu ule Blair na Thabeet waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, konferensi ya vyuo vyao, kwa hiyo mechi moja mbaya haikumfuta Thabeet. Lakini ilimwonyesha kila mpinzani namna ya kucheza naye.

Ukiumia mwezi huu, sema. Vijana wa kwetu wanaficha kifundo kilichovimba kwa kuogopa kupoteza ufadhili. Ufadhili uliosainiwa haufutwi katikati ya muda wake kwa sababu umeumia au umecheza vibaya. Hiyo ni kanuni ya NCAA, na una haki ya kukata rufaa chuoni. Goti lililofichwa Februari ndilo linalofanyiwa upasuaji Mei. UConn wenyewe walimpoteza mlinzi wao Jerome Dyson kwa goti Februari ile, wakalazimika kupanga upya mzunguko wao. Timu inajipanga. Wewe una magoti mawili tu.

Machi inaanza na mashindano ya konferensi, siku nne au tano mfululizo, ukipoteza umetoka. Bingwa anaingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa, na nafasi zilizobaki zinatolewa na kamati. Kuanzia 2011 mpaka 2026 timu zilizoingia zilikuwa 68, wakati vyuo vya divisheni ya kwanza vinazidi 350. Hesabu hiyo ikae kichwani: timu nyingi sana zinamaliza msimu kwenye mechi ya konferensi waliyopoteza, na hakuna aibu humo.

Kama kuna mechi moja ninayotaka mgeni aitazame yote, ni UConn na Syracuse, robo fainali ya Big East, Madison Square Garden, iliyoanza usiku wa Machi 12, 2009 na kuisha Machi 13. Muda wa kawaida uliisha 71-71. Syracuse walikuwa wamefunga kikapu mwishoni, ukumbi umeshapagawa, waamuzi wakatazama picha wakaona mpira ulikuwa bado mkononi saa ilipoisha. Wakaenda muda wa ziada mara sita. Mara tano za kwanza Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja. Kila mara walikuwa nyuma wakirudi. Mara ya sita wakafunga kwanza na kuondoka, 127-117. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Wachezaji wanane walitoka kwa faulo, Thabeet akiwa mmoja wao.

Fikiria maana ya hilo kwa aliyekaa mwisho wa benchi. Watu wanane wametoka. Waliomaliza mechi ile ukumbini New York, saa saba na zaidi usiku, ni pamoja na vijana ambao hawakutegemea kucheza siku hiyo. Ndiyo maana mgeni anapaswa kujua mifumo yote, kula chakula cha kabla ya mechi kama anayeanza, kufungwa vifundo, kujinyoosha wakati wa mapumziko. Kocha akigeuka kutazama benchi anatafuta macho yaliyo tayari, na anayapata au hayapati kwa sekunde mbili.

UConn walipumzika, wakaingia mashindano ya taifa, na mechi ya kwanza Calhoun alikuwa hospitali. Wakaipiga Chattanooga 103-47 bila yeye. Wakapita Texas A&M, Purdue, Missouri, kisha wakafungwa na Michigan State 82-73 pale Ford Field, Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000, wengi wao wa Michigan. Michigan State waliwakimbiza. Hiyo ni ya tano.

Kuhusu Machi nina mfano mwingine, wa mtu wa Lubumbashi, ambaye vijana wa upande ule wanamjua vizuri. Oscar Tshiebwe wa Kentucky alipata wastani wa ribaundi 15.1 msimu wa 2021-22 na akawa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Mechi yao ya kwanza ya mashindano walikutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, waliopangwa namba 15 kati ya timu 16 za kanda yao. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Kentucky wakafungwa 85-79 baada ya muda wa ziada, na Saint Peter's wakaendelea mpaka nane bora, timu ya kwanza ya namba 15 kufika huko. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa Machi na ukarudi nyumbani siku ile ile. Tshiebwe alirudi Kentucky akacheza mwaka mwingine.

Tshiebwe ananifikisha kwenye fedha, ambako lazima niwe mkali kidogo. Tangu 2021 wachezaji wa chuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Utaona mwenzako wa chumba ana gari. Wewe uko kwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, na viza hiyo ina masharti yake ya kazi ambayo NCAA haiwezi kukuondolea. Tshiebwe alikuwa mchezaji bora wa nchi na bado alibanwa. Timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022 ndipo alipotumia nafasi hiyo kufanya kazi za matangazo, kwa sababu alikuwa nje ya ardhi ya Marekani. Kwa hiyo mtu yeyote akikuletea mkataba, hata awe mdau mkubwa wa timu, hata awe Mtanzania mwenzako, usisaini. Peleka kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na kwa mwanasheria wa uhamiaji. Hata picha ya mtandaoni ya kutangaza mgahawa inaweza kuhesabiwa kazi.

Masomo nayataja kwa ufupi kwa sababu kanuni ziko wazi. Uwe na angalau krediti 12, yaani vipimo vya uzito wa masomo unayochukua, kila muhula, chini ya hapo unagusa viza na haki ya kucheza kwa pamoja. Mwaka wa pili ukianza uwe umefaulu 24. Barua za kusafiri wapelekee walimu wiki ya kwanza ya muhula, mkononi, ujitambulishe, usiziache timu izitume kwa barua pepe tu. Mwalimu anayekujua kwa sura anakupangia mtihani ukiwa safarini. Asiyekujua anakuandikia sifuri. Na chagua somo unalolipenda kweli. Dikembe Mutombo, Mkongo aliyekuja kuwa nyota wa NBA, alikuja Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili akitaka kuwa daktari, akahitimu isimu na diplomasia, na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa 2007.

Aprili kocha atakuita ofisini. Kikao cha dakika 20 hivi, mlango umefungwa, anakuambia anavyokuona mwakani. Nenda na daftari. Siku hizi milango ya kuhama iko wazi na wenzako nusu watakuwa wanahama au wanafikiria kuhama. Utapata simu kutoka kwa watu usiowajua wakikuahidi dakika na fedha. Kuhama si kosa, na kuna anayepaswa kuhama. Ila uliza kwanza krediti ngapi zitakubaliwa kule unakokwenda, uliza I-20 yako, ile hati ya chuo inayobeba uhalali wa viza yako ya mwanafunzi, itahamishwa lini, na uliza ni senta wangapi wameshasainiwa. Asiyeweza kujibu hayo matatu hana nafasi yako.

Mei utataka kurudi nyumbani, na una haki ya kuutaka ugali wa mama. Kabla ya kukata tiketi nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Saini ya kusafiria kwenye I-20 inadumu mwaka mmoja, pasi ya kusafiria iwe na miezi sita mbele, na viza yenyewe inaweza kuwa imekwisha ingawa wewe uko kihalali, maana viza ni ya kuingilia. Masharti kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilika ghafla tangu 2025, na kuna wanaoamua kubaki kiangazi kizima wakinyanyua vyuma kwa sababu hawana uhakika wa kurudi. Uliza kwa barua pepe, upate jibu la maandishi, ndipo ununue tiketi.